Mgonjwa wa Molo Asiyegeuka Kushoto

Mwenye farasi alinidanganya, na nilipogundua nilimsamehe papo hapo, kwa sababu ulikuwa udanganyifu uliotengenezwa kwa ustadi. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli.

Alinikuta Busia, upande wa Uganda, kwenye kibanda changu nyuma ya maegesho ya malori. Mimi kazi yangu ni kukanda watu. Nilifunzwa na shangazi yangu, ambaye alikuwa akiwakanda wazazi waliotoka kujifungua, na mpaka leo hao ndio wateja wangu wa heshima: naitwa nyumbani kwao asubuhi, maji yameshachemka, mlango umefungwa, na mama mkwe yuko pembeni akihakikisha sikosei. Lakini wengi wanaonijia ni madereva. Mtu ameendesha lori kutoka Mombasa, amefika mpakani, amelala siku mbili juu ya kiti akisubiri karatasi zake za forodha, anateremka shingo imekauka kama gogo. Namlaza kwenye benchi, namchua kwa mafuta ya simsim, anapiga kelele kidogo, anaondoka akiangalia huku na huku kama mtu aliyerudishiwa dunia.

Dereva mmoja wa hao ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alikuja mwanaume mnene, kofia pana kichwani, viatu vinang'aa ingawa barabara yetu ilikuwa tope tupu. Akasema anatoka Molo, kule Tororo, na kwamba ana kazi ya kukodisha mahema na viti vya harusi.

"Mama, niko na mgonjwa," akasema. "Shingo yake imekataa. Inageuka kulia, kushoto hapana."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Mwanaume."

"Umri?"

"Miaka kumi na moja."

"Basi ni mtoto. Mtoto mpeleke hospitali, mimi sichui shingo ya mtoto."

"Si mtoto, mama. Ni mkubwa. Mkubwa sana." Akainua mkono juu ya kofia yake kuonyesha urefu.

Nikadhani amekosea hesabu. Kiswahili cha watu wa Molo kina njia zake za mkato, na mimi nimezoea kujaza yanayokosekana. Nikamuuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

"Anabeba mabwana harusi."

Nikajua ni dereva wa magari ya harusi. Nikauliza kama ameonwa na daktari, akasema ndiyo, daktari amemwangalia meno, macho, amempima joto, akasema hana homa, apumzishwe. Jambo la kuangalia meno lilinishangaza kidogo, lakini nikafikiri huenda alikuwa daktari makini.

Jumanne iliyofuata nilifika Tororo, nikachukua bodaboda hadi kwake Molo. Nilikuta ua mpana, mahema yamekunjwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa hadi juu ya madirisha. Mwenyewe akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale, chini ya kivuli cha banda la mabati, alisimama farasi mweupe mwenye madoa ya kijivu, ametazama upande wa kulia kama mtu aliyesikia anasengenywa na jirani wa upande huo.

Nikatafuta mgonjwa yuko wapi. Nikaangalia ndani ya banda. Nikaangalia nyuma ya banda.

"Ni huyu," akasema yule bwana, akavua kofia. "Samahani, mama. Ningesema farasi, ungekuja?"

Nisingekuja. Hilo ndilo lililonifanya nicheke, na nikishacheka huwa siwezi tena kukasirika vizuri.

Hakuwa peke yake na farasi wake. Alikuwepo mzee mmoja mwembamba, mwenye miguu iliyopinda kwa kupanda farasi, aliyetoka upande wa Kenya pamoja na huyo mnyama. Ujana wake wote alitunza farasi wa mashindano kwenye mazizi ya wazungu na matajiri, na mama mmoja mwenye farasi kule alimfundisha kuwabonyeza farasi kwenye vituo maalumu vya mwili ili misuli ilegee. Mzee huyo aliamini kwamba katika Afrika Mashariki yote ni watu watatu tu wanaojua vituo hivyo, na wawili wameshakufa. Vidole vyake vilikuwa vimeshikwa na baridi yabisi, havikunjiki. Ujuzi alikuwa nao, nguvu ya kubonyeza hakuwa nayo. Ndiyo maana niliitwa.

Nikamwuliza shingo ilianza lini. Mzee akasimulia, na mwenye farasi akawa anaangalia viatu vyake. Miezi miwili nyuma, kwenye harusi moja Tororo mjini, farasi alitakiwa kuingia uwanjani na bwana harusi mgongoni, ageuke kushoto, asimame mbele ya bibi harusi. Akageuka kulia. Mzee akamzungusha ili arudi, akageuka kulia tena. Bwana harusi alizungushwa uwanja mzima mara tatu, kila akipita mbele ya bibi harusi anapunga mkono, mpaka farasi akachoka na mzunguko, akanyoosha njia, akampeleka bwana harusi jikoni, katikati ya masufuria ya pilau. Akasimama hapo. Bibi harusi ilibidi afuatwe aletwe jikoni.

"Watu walifikiri ni mila," mwenye farasi akasema kwa matumaini.

Nilikuwa naogopa, nakiri. Sikuwahi kugusa mnyama mkubwa zaidi ya mbuzi. Mzee akaniambia nisiende kwa nyuma, nisiende mbele ya uso, niende ubavuni karibu na bega, na nimsemeshe kwanza.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Unawaambia nini watu wako?"

Watu wangu huwaambia wavue shati. Nikamwambia farasi, "Habari za kwako, baba. Nimekuja kukuchua." Akanipumulia shingoni, pumzi ya moto yenye harufu ya majani, nami nikapiga hesabu ya nauli ya kurudi Busia.

Nikaanza na kiganja kilicholazwa, kama nifanyavyo kwa mzazi, sibonyezi, natafuta tu wapi pana joto na wapi pamekaza. Upande wa kulia wa shingo ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Upande wa kushoto, kuanzia chini ya sikio hadi begani, ulikuwa umejaa vifundo. Nikavitambua mara moja. Ni vilevile vya dereva wa lori, tofauti ni ngozi tu. Woga ukanitoka, nikapandisha mikono ya nguo, nikaweka kidole gumba.

"Pole pole!" mzee akafoka. "Mama, hapa si kukanda chapati."

"Mzee, vidole hivi vimechua madereva wa nchi nne."

"Dereva akiumia anasema. Huyu akiumia anakutupa pale kwenye mahema."

Basi nikafundishwa. Kidole kinawekwa, kinaegemezwa kidogo kidogo, kisha unangoja. Kazi kubwa iko kwenye kungoja. Unahesabu pumzi za mnyama wala si zako, na unaangalia uso. Akikodoa jicho na kukaza mdomo, umekosea mahali au umezidisha. Akianza kupepesa, akalamba midomo, akatafuna kitu kisichokuwepo, umefika. Kituo kimoja kiko mbele ya bega, kingine pale mabega yanapokutana, kingine nyuma ya masikio. Na palipovimba au penye joto kali hapaguswi, anaitwa daktari. Hilo mzee aliniambia mara tano.

Nilimbonyeza mbele ya bega, nikangoja. Hakuna kitu. Nikangoja. Halafu kile kichwa kirefu kikashuka taratibu, mdomo wa chini ukalegea ukaning'inia, na farasi akapiga mwayo. Mwayo wenyewe si wa mchezo: meno yote nje, macho yamegeuka, ulimi umetoka pembeni. Nikaruka nyuma nikidhani anakufa.

"Amekubali," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu mwenye akili timamu.

Niliporudi Busia jioni ile nilimweleza mume wangu yote. Yeye ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu mpole anayependa utani wa kimyakimya. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha tukakubaliana nisimwambie mtu. Wateja wangu wazazi wasingefurahi kusikia mikono inayowakanda imetoka kwa farasi, hata ingeoshwa kwa sabuni ngapi. Kwa hiyo yeyote akiniuliza Jumanne nilikwenda wapi, jibu lilikuwa moja: nina mgonjwa Molo.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kiko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri na masikio marefu. Jumanne ya tatu alinikuta kisimani nikifua nguo.

"Wifi, hizi nywele nyeupe kwenye baibui lako ni za nani?"

Ningeweza kusema. Sikusema. Nilikumbuka jinsi yule bwana alivyonipata, maneno yote ya kweli, nikaona na mimi nijaribu.

"Za mgonjwa wangu wa Molo," nikasema.

"Mzee?"

"Hapana, ana nguvu zake. Ana kifua hiki!" Nikapanua mikono. "Nywele tu ndizo nyeupe."

Wifi akaweka ndoo chini. "Na mnafanya nini?"

"Namchua shingo. Siku hizi amenizoea, akisikia sauti yangu tu anaanza kuhangaika. Leo aliniwekea kichwa begani, akafumba macho."

"Begani kwako?"

"Alichoka, maskini."

Usiku ule kwenye chakula wifi alikuwa mgeni wetu, kwa kujialika mwenyewe, na alimtazama mume wangu kwa huruma kiasi kwamba nilidhani nitacheka nimwage mchuzi. Mume wangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akahema kwa uzito, akasukuma sahani, akasema, "Jumanne zimekuwa ndefu, dada." Akatoka nje. Nilimsikia nyuma ya nyumba akikohoa, na mimi najua kikohozi chake, kile hakikuwa kikohozi.

Wakati huo kule Molo mambo yalikuwa hayaendi sawa, na hilo halikunifurahisha. Kila Jumanne nilimchua farasi mpaka akageuza shingo kushoto, si sana, lakini akageuza. Nikirudi Jumanne nyingine nakuta vifundo vilevile, vimekaa mahali pake kama wapangaji. Nilianza kujilaumu. Mzee alianza kunilaumu pia, kwa sauti. Siku moja nikamwuliza Jumatatu farasi huwa vipi. Akasema Jumatatu huwa mbaya kuliko siku zote. Na Ijumaa? Ijumaa huwa mzuri. Tukatazamana. Katikati ya Ijumaa na Jumatatu kuna Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya harusi, maana mwenye farasi alikuwa bado anampeleka, akichagua tu viwanja ambavyo mtu anaweza kuingia kwa kugeukia kulia. Daktari alisema apumzishwe. Mwenyewe alielewa kwamba apumzishwe siku za kazi.

Tulikuwa tunazungumza hayo, mimi nimesimama ubavuni, shavu langu limeegemea shingo ya farasi, vidole viwili nyuma ya bega, mnyama amelegea mdomo ananing'inizia mate kwenye mtandio, wakati bodaboda iliposimama nje ya ua kwa kishindo. Nikasikia sauti ninayoifahamu ikiuliza, "Yuko wapi huyo mwanaume?"

Mke wa mwenye farasi, aliyekuwa akianika maharage, akajibu kwa adabu, "Mwanaume yupi?"

"Huyo anayechuliwa shingo!"

"Ah. Yuko nyuma. Pita tu, usiogope, haumi mtu."

Wifi akatokea pembeni ya nyumba amevaa gauni lake la sikukuu, kilemba cha zambarau, mkoba ameukamata kama silaha. Alikuwa amejiandaa, niliona, kwa maneno mengi. Akaniona mimi. Akamwona mzee, akampima, akamtoa kwenye orodha. Kisha akamwona farasi, na nywele zake nyeupe, na kifua kile, na kichwa kilichoniegemea begani, na macho yaliyofumbwa.

Akashusha mkoba taratibu.

"Wifi," nikasema, "huyu ndiye mgonjwa."

Farasi akafumbua jicho moja, akamtazama, akapiga mwayo.

Wifi yangu alikaa chini. Hakuangalia anakaa juu ya nini, akakaa juu ya ndoo ya pumba na gauni lake lote. Akaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka, tena kicheko cha hasira, ananipiga na mkoba begani kila anapopata pumzi. "Nimemwombea kaka yangu! Nimefunga siku mbili kwa ajili ya ndoa yako! Na yeye alijua?" Nikamwambia alijua. Akanipiga tena, pigo hilo lilikuwa la kaka yake.

Aliletewa chai. Akajipangusa pumba, akatulia, na kama kawaida ya fundi cherehani, macho yake yakaanza kukagua vitu vilivyoshonwa vibaya. Ukutani mwa banda lilining'inia taji la harusi la farasi. Sijalieleza taji hilo bado. Mwenye farasi alilibuni mwenyewe, akalichora, akapeleka mchoro kwa fundi wa kuchomelea vyuma Tororo. Lilikuwa la bati, limepakwa rangi ya dhahabu, na juu yake nyota saba zimechomelewa kwenye spoku za baiskeli ili zitikisike farasi anapotembea. Lilifungwa kwa mikanda nyuma ya masikio na chini ya taya. Yeye aliona ndilo linalouza kazi yake yote.

"Nani amekata hiki kitu?" wifi akauliza, amelishika mikononi. "Kimeenda upande. Huku kushoto kimezidi." Akapitisha kidole kwa ndani, akakivuta haraka. "Na kuna ncha hapa."

Nikalichukua. Ndani ya taji, upande wa kushoto, mwisho wa spoku ulikuwa umekunjwa vibaya, umebaki kama msumari. Nilirudi kwa farasi, nikaanza kutomasa pole pole nyuma ya sikio la kushoto, chini kabisa ya nywele, mahali ambapo kwa wiki tatu nilikuwa nabonyeza juu yake kidogo na mbele yake kidogo. Hakukodoa tu macho, alirusha kichwa juu na kukanyaga chini mara mbili. Nilimsemesha mpaka akatulia, nikapasua nywele. Palikuwa na kidonda kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, kimefunikwa na gamba.

Mzee aliinama kukitazama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye ndiye aliyekuwa akimvalisha taji kila Jumamosi, na aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka hamsini na farasi," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilipita hapo na vidole vyangu, na kwamba hata daktari alitazama meno hakutazama pale. Badala yake nikamshika mkono. Hakuutoa.

Ikabaki kazi ya kumwambia mwenye taji. Alikuja, akatazama kidonda, akahuzunika kweli, akasema atampaka dawa. Lakini taji? Taji halina kosa. Taji limeonekana kwenye picha za harusi za watu wengi. Labda ni nzi. Labda ni kamba. Kila tulichosema kilimkuta amelikumbatia lile bati kifuani.

Ni wifi aliyeongea. Nilijua tumepona nilipoona amekunja mikono magotini na kuweka sauti ya upole, kwa sababu hiyo ndiyo sauti anayoitumia kumweleza mteja kwamba amenenepa.

"Bwana," akamwambia mwenye farasi, "sisi hatujaliona likiwa limevaliwa. Pengine likivaliwa linakaa vizuri. Hebu livae tuone."

"Mimi?"

"Kichwa chako kina heshima. Tutaona uzuri wake."

Sijui ni heshima au ni nini, lakini akavua kofia. Tukamvisha. Lilimfika machoni, tukaweka mtandio wangu ndani, juu, ili likae. Pembeni tukaacha bati tupu. Mzee wa farasi akasogea kwa hiari yake akafunga mikanda, ule wa nyuma na ule wa chini ya taya, akaikaza tundu lile analomkazia farasi. Nyota saba zikatikisika. Mke wa mwenye farasi akaingia jikoni ghafla na kufunga mlango.

Tukamkalisha kwenye kiti. Wifi akakaa kushoto kwake, mimi nikakaa kushoto kwa wifi, na tukaanza mazungumzo. Wifi akamuuliza habari za mahema. Akageuka kujibu, akasema, "Aii." Akageukia mbele. Wifi akamwuliza viti anavyo vingapi. Akajibu akitazama mbele. "Sikusikii vizuri, bwana, nigeukie," wifi akasema. Akageuka. "Aii!" Baada ya muda akaona akili: badala ya kugeuza shingo, akawa anageuza kiti chote, mzunguko mzima, kupitia kulia.

"Kama farasi," nikasema.

Aliinua mikono kufungua mkanda, na hapo ndipo tulipogundua kwamba bizimu ya mkanda wa chini ya taya ilikuwa imekwama.

Tungeifungua kwa dakika mbili kama si wageni. Lakini waliingia wageni, wazee watatu wa kamati ya harusi, suti na fulana za kufuma ndani, wamekuja kuulizia mahema. Mwenye nyumba hakuweza kukimbia. Alisimama, akawapokea kwa heshima zote, dhahabu kichwani, nyota zinatikisika kila alipompa mgeni mkono. Wageni walikuwa wamesimama upande wake wa kushoto. Akazunguka kwa kulia, mwili mzima, mpaka akawafikia.

"Karibuni," akasema. "Hii ni… najaribu."

Mzee mmoja wa kamati akalitazama lile bati kwa makini. "Na sisi wazee wa kamati," akauliza taratibu, "tutavaa hivyo?"

Wifi aliondoka akaenda kusimama nyuma ya farasi, mahali ambapo sote tulishamkataza kusimama, ili acheke. Mimi nilikuwa na kazi ya kufungua bizimu na sikuweza kuona sawasawa kwa machozi. Ilipofunguka, nyuma ya sikio la kushoto la yule bwana palikuwa na alama nyekundu, palepale. Akaigusa. Akaenda hadi kwa farasi, akapasua nywele kama alivyoniona mimi nikifanya, akatazama tena. Alikaa hapo akiwa amewapa wageni mgongo.

"Mimi nimevaa dakika ngapi?" akaniuliza.

"Hata nusu saa haijafika."

"Yeye huvaa tangu asubuhi." Akampapasa farasi pua, akamwambia kitu kwa lugha ya kwao, Kidhopadhola, sikukielewa na sikuulizia.

Daktari wa mifugo aliitwa kesho yake. Alisafisha kidonda, akatoa dawa, na safari hii akaeleza maana ya kupumzika kwa lugha mbili ili isitafsiriwe: hakuna harusi mpaka ngozi ifunge kabisa. Nami niliambiwa nisiguse karibu na sikio, nichue bega na mgongo tu. Wifi alipima kichwa cha farasi kwa utepe wake, akaandika namba kwenye kijitabu cha wateja, na alipofika kwenye jina akaandika "Bwana Molo". Akashona kofia ya mahameli mekundu, ndani amejaza sufi, na shada za nyuzi pembeni. Nyota moja tu ilibaki, ya kitambaa. Mwenye farasi alilalamika siku nzima kuhusu zile sita.

Ulipita mwezi na kitu. Harusi ya kwanza ya farasi baada ya kupona ilikuwa ya wale wale wa kamati. Mimi na mume wangu na wifi tulialikwa, tukakaa kwenye hema la pembeni. Farasi aliingia na bwana harusi mgongoni, mzee mwembamba ameshika kamba, ameinamisha uso kama anayepita kwenye msiba. Alipofika katikati, akavuta kamba kidogo kushoto. Farasi akageuka kushoto, laini, bila kusita, na bibi harusi akapatikana alipokuwa. Watu walipiga vigelegele. Hawakujua wanashangilia nini hasa. Sisi wanne watano ndio tuliojua. Mzee wa farasi alitoa leso akapenga kwa nguvu.

Wifi alilipiza kisasi, hakuwa mtu wa kusahau. Wiki hiyohiyo maegesho yote ya malori yalikuwa na habari, na nilipopita asubuhi madereva walinililia kama farasi, kuanzia lori la kwanza hadi la mwisho, wengine wakigonga milango kwa mikono kama kwato. Mama mkwe mmoja aliniita kumkanda mkwewe aliyetoka kujifungua, na nilipofika alinisimamisha mlangoni.

"Ni kweli unakanda farasi?"

"Kweli, mama."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

Akafikiri. Mkwewe alikuwa akiguna ndani, mgongo unamuuma tangu alipotoka hospitali ya Masafu.

"Nawa mpaka viwikoni," akasema, akanifungulia mlango. Wakati namkanda mzazi, mgongo ukaanza kulegea taratibu chini ya viganja vyangu, akafumba macho, akapiga mwayo mkubwa. Mama mkwe akaniuliza kwa nini nacheka. Nikamwambia hakuna kitu, mama, niletee maji mengine ya moto.